Chokaa haifichi moto wa tanuri: dhana potofu kuhusu nishati maada inapobadilika

Tanga ina mawe ya chokaa tele, na mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayohayo. Hata hivyo bado utasikia kwamba chokaa hai, yaani jiwe la chokaa lililochomwa tanurini, ikikutana na maji hutokota kwa sababu imebaki na moto wa tanuri. Si kweli. Ihifadhi wiki tatu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, ipoe kabisa, kisha izime, yaani itie maji. Itatokota vilevile.

Tanurini, kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kilo moja ya jiwe safi hufyonza karibu kilojuli 1,780 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Hewa ya ukaa hutoka, gramu 440, na zinabaki gramu 560 za chokaa hai. Kuni zimelipia kazi ya kutenganisha, si kupasha jiwe tu. Chokaa hai inapoungana na maji, muungano huo mpya ndio unaotoa joto: karibu kilojuli 1,160 kwa kila kilo ya chokaa. Kwa hesabu, joto hilo linatosha kufikisha lita 3 na ushee za maji kutoka nyuzi 27 hadi kuchemka.

Kwa hiyo tanguliza maji kwenye pipa la chuma, kama kilo 3 kwa kilo 1 ya chokaa, halafu tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mpini mrefu. Ukinyunyizia maji kidogo juu ya rundo, katikati hupita nyuzi 100, mvuke hurusha chokaa ya moto usoni, na kinachobaki ni chengachenga zisizolainika. Ndoo ya plastiki hulegea. Vaa miwani ya kazi, tafadhali. Chokaa ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Chokaa isiyopata joto ikitiwa maji haikuharibiwa na kupoa; ilikaa wazi ikanywa unyevu na hewa ya ukaa, nishati yake ikatoka polepole bila kuonekana.

Dhana nyingine imeota mizizi hadi madarasani: kwamba kuvunja vifungo vya kemikali, vile vinavyoshikanisha atomi, hutoa nishati. Kuvunja hufyonza, daima. Kuunda ndiko hutoa. Mkaa hupasha sufuria kwa sababu kaboni na oksijeni zikishikana hutoa nishati nyingi kuliko iliyotumika kuvunja vifungo vya awali. Ziba tundu la hewa la jiko: mkaa upo, joto linakata.

Wengine hudhani badiliko la kiumbo, kama maji kuwa mvuke au barafu kuyeyuka, halina nishati ya maana kwa kuwa hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Kukausha maji ya bahari mpaka upate kilo moja ya chumvi kunahitaji karibu kilojuli 67,000, yaani zaidi ya kilo 2 za mkaa hata jiko lisipopoteza chochote.

Na wauza samaki wajue hili: barafu ya nyuzi 0 si sawa na maji ya nyuzi 0. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 ikiyeyuka tu, kiasi cha kupandisha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Toboa kasha chini maji yatoke, na uongeze barafu iliyopondwa kabla ile ya kwanza haijaisha.