Sungura, Losheni na Sheria: Yanayodhaniwa na Yalivyo

"Losheni isiyojaribiwa kwa mnyama haijajaribiwa kabisa."

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure, ikawaharibu macho wanawake kadhaa, wengine wakapofuka. Wakati huo serikali haikuwa na sheria ya kuwabana wauza vipodozi. Sheria ilipitishwa 1938. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, wakachapisha utaratibu uliokuja kuenea dunia nzima: sungura mweupe anadondoshewa kemikali kwenye jicho moja, kisha anaangaliwa kwa siku kadhaa, na mtaalamu anatoa alama kwa wekundu, uvimbe na ukungu anaouona.

Watu wengi hudhani sheria ile ya 1938 ndiyo iliyoleta sungura maabara. Sivyo. Haisemi popote kwamba kipodozi lazima kijaribiwe kwa mnyama, na FDA yenyewe husema hivyo. Inachodai ni bidhaa iwe salama.

Na kipimo chenyewe hakikuwa imara kama tulivyoaminishwa. Mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walilinganisha majibu ya maabara mbalimbali zilizopima kemikali zilezile. Wengine waliona hatari mahali wenzao walipoona usalama. Haishangazi. Jicho la sungura si jicho la mtu, na alama zinategemea macho ya anayezitoa.

Leo kuna njia nyingine, nazo si ubunifu wa wanaharakati. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha hasa nchi tajiri, liliidhinisha mwaka 2010 kipimo kinachotumia ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na seli za binadamu. Kemikali inapakwa juu ya kipande hicho, inaoshwa, kinaachwa kwa muda, kisha seli zinawekewa dawa ambayo zilizo hai huigeuza rangi ya zambarau. Zikisalia hai nusu au chini ya hapo, kemikali inahesabiwa kuwa inawasha ngozi. Mashine ndiyo inayosoma kiasi cha rangi, hivyo hakuna cha kukisia. Kwa macho, kuna kipimo kinachotumia macho ya ng'ombe yanayochukuliwa machinjioni, kutoka kwa wanyama waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama.

Je, njia hizi zinatosha kwa kila kitu? Hapana, na anayesema zinatosha anaharibu hoja nzuri. Kujua kemikali itafanya nini kwenye ini au kwenye mimba baada ya kutumiwa muda mrefu bado ni kazi ngumu bila mnyama. Lakini losheni nyingi hutengenezwa kwa malighafi zilizotumika miaka mingi na ambazo taarifa zake zipo. Kumrudia sungura kwa ajili ya glisirini ni ukaidi tu.

"China hairuhusu kipodozi bila mnyama."

Ilikuwa kweli hadi 2014, pale vipodozi vya kawaida vilivyotengenezwa ndani ya nchi vilipoondolewa sharti hilo. Kuanzia tarehe 1 Mei 2021 hata vya kawaida vinavyoagizwa kutoka nje vinaweza kupita, mradi mtengenezaji awe na tathmini ya usalama na cheti cha utengenezaji bora kinachotambuliwa na serikali ya kwao. Hapo ndipo penye ugumu: nchi isiyo na mamlaka ya kutoa cheti hicho inawaacha wafanyabiashara wake nje. Vipodozi vya watoto vilibaki nje ya nafuu hiyo, na pia vile vinavyoitwa maalumu, kama mafuta ya kukinga jua, rangi za nywele na krimu za kung'arisha ngozi.

Kwa hiyo ukisoma tamko la kampuni lisemalo "hatujaribu kwa wanyama isipokuwa pale sheria inapodai," usiliruke. Hiyo "isipokuwa" ndiyo habari yenyewe.

"Ulaya walishalimaliza."

Tangu tarehe 11 Machi 2013 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza kipodozi kilichojaribiwa kwa wanyama, kiwe cha ndani au cha nje. Safi. Ila kuna sheria nyingine, ya kemikali zote, inayolenga pia kumlinda mfanyakazi wa kiwandani. Kwa sheria hiyo kampuni ya Kijerumani ya Symrise iliagizwa kufanya majaribio ya wanyama kwa kemikali mbili za kukinga jua, mojawapo ikiwa homosaleti. Ilikwenda mahakamani, ikashindwa Novemba 2023. Mapema mwaka huohuo, Tume ya Ulaya ilikuwa imepokea ombi lenye sahihi zaidi ya milioni 1.2 la kuziba mwanya huo. Haikukubali kubadili sheria ya vipodozi, ikaahidi mpango wa kupunguza majaribio hayo hatua kwa hatua.

"Picha ya sungura kwenye chupa inatosha."

Inategemea ni sungura wa nani. Nembo nyingine hutolewa baada ya ukaguzi unaowafikia hata wauza malighafi, nyingine zimechorwa na mtengenezaji mwenyewe. Marekani maneno kama "haijajaribiwa kwa wanyama" hayana fasili ya kisheria.

"Tukiondoa sharti la kujaribu kwa wanyama, mkorogo utatumaliza."

Hofu hii naisikia sana kwetu. Lakini madhara ya zebaki, inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, kwa figo yanajulikana siku nyingi. Hakuna panya wa kutufundisha jipya. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na bado zinapatikana madukani. Zinapita kwa magendo, bila kupimwa na yeyote, kwa mnyama wala kwa mashine. Kipo kifaa cha mkononi cha eksirei kinachotambua zebaki ndani ya kopo kwa dakika chache, pale pale mpakani au dukani. Fedha ya kumlinda mnunuzi wa Kariakoo au River Road iende huko.