King Kong ya 1933: yanayosemwa vibandani na ukweli wake

Kila picha mpya ya jitu kubwa inapofika kwenye vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea sinema) vya Mabatini, Igoma au Kirumba hapa Mwanza, ubishi juu ya ile ya zamani, King Kong yenye gorila jitu, huzuka upya. Jitu lilichezwa na nani? Picha yote ipo au imekatwa? Na kwa nini watu bado wanaitazama ilhali haina hata rangi? Mengi yanayojibiwa hapo si kweli, na ukweli wenyewe ni mtamu zaidi.

"Ndani ya Kong alikuwamo mtu"

Huko ni kuchanganya picha. Godzilla wa 1954 ndiye aliyechezwa na mtu ndani ya vazi zito la mpira, na hata King Kong ya 1976 ilimtumia mtu aliyevaa ngozi ya gorila. Kong wa 1933 alikuwa mwanasesere wa sentimita 46 hivi. Sangara wa urefu huo ukimvua Ziwa Victoria una kosa, maana kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni sentimita 50.

Marcel Delgado alimuunda kuanzia mifupa. Ndani kulikuwa na kiunzi cha chuma chenye maungio ya gololi, yaliyokazwa kiasi kwamba mkono ukiuinua unabaki ulipouacha. Juu ya chuma ikaja misuli ya sponji na mpira, na juu kabisa ngozi ya sungura yenye manyoya yake. Willis O'Brien, fundi mkuu wa kumwendesha Kong, na wasaidizi wake walimsogeza kidogo, wakapiga picha moja, wakamsogeza tena. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya Kong ni picha 1,440. Wakati ule hakukuwa na namna ya kurudi nyuma na kutazama picha iliyotangulia. Mwendo wote ulikaa kichwani mwa fundi, na balbu ikififia katikati ya kipande, mwanga uliruka na kazi ikaharibika.

Tazama manyoya ya Kong: yanacheza muda wote kama yanapigwa na upepo. Hakuna upepo. Ni vidole vya mafundi vilivyoyalaza upande huu na ule kila walipomshika. Ni kasoro, lakini inamfanya aonekane ana hasira hata akiwa amesimama.

Walipohitaji waigizaji wamguse, walijenga vipande vikubwa: mkono wa kumshika Fay Wray, mwigizaji mkuu wa kike, mguu, na kichwa pamoja na kifua ambamo watu watatu walikaa wakiendesha macho na mdomo. Hapo tu ndipo watu walipokuwa ndani. Ndiyo maana sura yake hubadilika ghafla kutoka kipande kimoja hadi kingine.

"Urefu wake ulikuwa mita 15"

Hiyo ni hesabu ya mabango ya matangazo. Kisiwani mwanasesere alipigwa picha kama jitu la mita 5.5. New York wakampandisha hadi mita 7.3 hivi, kwa sababu penye majengo marefu angeonekana mdogo. Merian C. Cooper, aliyeiongoza picha pamoja na Ernest B. Schoedsack, alijali zaidi jicho la mtazamaji kuliko rula.

"Kisa chake kinatokea Afrika"

Kisiwa cha Kong ni cha kubuni, nacho kimewekwa Bahari ya Hindi, magharibi ya Sumatra. Msitu wenyewe ulikuwa studio huko California, uliongezewa kina kwa michoro iliyochorwa juu ya vioo. Lango kubwa la kisiwani lilikuwa jengo la picha ya zamani ya mwaka 1927, likarekebishwa, na mwishowe likateketezwa kwa ajili ya moto wa picha nyingine, Gone with the Wind.

Gorila wa porini hatumpati Tanzania. Wanaotafuta sokwe kisiwani upande wetu wa ziwa waende Rubondo, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 waliachiwa na wakazaliana. Gorila halisi naye ni mla majani na matunda. Lililo la kusikitisha zaidi ni namna picha inavyowaonyesha wenyeji wa kisiwa: weusi wasio na jina, kazi yao kupiga ngoma na kutoa kafara. Hilo ni dharau ya zama zile na halitetewi kwa kusema picha ni nzuri.

"Steringi hafi"

Kanuni ya kibandani ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi na adui hufa mwishoni. Kwa kanuni hiyo watu humweka Kong upande wa adui, kisha wanashangaa kibanda kikinyamaza anapodondoka kutoka jengo refu la Empire State, New York. Steringi ni yeye, na anakufa. Hili ndilo lililoibeba picha miaka yote, na ni kazi ya mikono ya O'Brien kuliko ya maandishi.

Akimaliza kumuua mjusi mkubwa, Kong haondoki. Anamshika taya, analifungua na kulifunga kuhakikisha kama kweli amekufa, ndipo anajipiga kifua. Juu ya jengo, risasi zikishampata, anajigusa kidonda na kuitazama damu yake kwa kutoelewa. Kwa mafundi wale, kila tendo hilo lilikuwa saa nyingi za kusogeza chuma na sponji ili jitu lionekane linawaza. Ukubwa peke yake ungechosha watu ndani ya miaka mitano.

Kwa hiyo anayesogeza mbele hadi Kong atokee anajidhulumu. Kong huchukua karibu robo tatu ya saa kufika. Baada ya majina ya mwanzo picha inakwenda bila muziki, hadi meli inapoingia kwenye ukungu wa kisiwa. Hapo ndipo muziki wa Max Steiner unapoanza kutambaa. Nakala yenye sauti ya mtafsiri juu yake huufunika kabisa. Itazame hata mara moja bila yeye.

"Nakala zote ni sawa"

Iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1938, wakaguzi waliikata. Pima nakala yako kwa matukio: Kong akimvua Fay Wray nguo kipande kwa kipande, akimtafuna mtu, akimkanyaga mwanakijiji matopeni, akimwachia mwanamke kutoka dirishani New York. Yakikosekana, una iliyokatwa. Tukio la mabaharia kuliwa na buibui bondeni usilitafute. Liliondolewa kabla ya picha kutoka na halijapatikana hadi leo.

Weka runinga kwenye 4:3, umbo la skrini za zamani. Ukiivuta ijaze skrini pana, Kong ananenepa na mwendo wake unaharibika. Iliyotiwa rangi iache.

"Kazi ile haiwezekani bila studio"

Kumsogeza mwanasesere picha kwa picha unaweza hata nyumbani; simu moja inatosha kuanza. Sokota nyuzi mbili za waya wa alumini kwa mifupa; waya wa kufungia nondo unapatikana kirahisi lakini hukatika baada ya kukunjwa mara chache. Vika vipande vya sponji ya godoro. Udongo wa mfinyanzi usiutumie, hukauka na kupasuka kabla ya kipande kuisha. Gundisha nati kwenye nyayo na ukaze bolti kutoka chini ya ubao, la sivyo ataanguka kila anapoinua mguu.

Piga picha 12 kwa sekunde: sekunde 10 ni picha 120. Funga mwanga na fokasi ya simu, ziba dirisha, tumia taa moja isiyotegemea umeme wa ukutani, na uvae shati jeusi, maana jeupe humrudishia mwanasesere mwanga kila unapoinama. Kabla hajageuka au kupiga, mwache atulie kwa picha 6 hadi 8, ukisogeza kichwa tu. Ukimwendesha mfululizo, ataonekana mdoli anayesukumwa.