Mtoto hana rangi yangu wala ya baba yake

Hapa Ujiji, siku za kliniki, swali hili huulizwa kwa kunong'ona, mama akikunjakunja kadi ya mtoto mkononi. Naomba nilijibu kwa sauti.

Swali: Mimi mweusi, mume wangu mweusi. Mtoto ana miezi mitano na ni maji ya kunde. Wifi kila akija anamvua kofia, anamkunja sikio na kutazama nyuma yake. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana kabisa, dada yangu, na wala huna kosa. Rangi ya ngozi haibebwi na jeni moja, yaani chembe moja ya urithi kutoka kwa wazazi. Ni nyingi, na kila moja huongeza au hupunguza kidogo tu. Chukua mabakuli mawili ya maharage, lako na la baba. Maharage ndiyo jeni: yote yamejaa mekundu, yaani ya weusi, ila meupe machache yamo, mliyoachiwa na mababu. Kila mmoja achote nusu ya bakuli lake bila kutazama, mmimine kwenye ungo mmoja. Ungo huo ndio mtoto. Mara nyingi utakuwa mwekundu kama mabakuli, lakini siku nyingine meupe yaliyokuwa chini hupanda na mkono kutoka pande zote mbili. Ndugu yake wa tumbo hilohilo anaweza kuwa mweusi kuliko nyote.

Swali: Lakini sisi ni Waha watupu. Weupe umetoka wapi?

Jibu: Umo humuhumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kuwa jeni za weupe na za weusi zote zimo Afrika tangu kale sana.

Swali: Na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nao hurithiwa hivyohivyo?

Jibu: Hapana. Selimundu ni jeni moja, na mtoto huugua akiirithi yenye kasoro kwa baba na kwa mama. Urefu ndio unaofanana na rangi: jeni zake ni maelfu. Ila urefu unahitaji chakula pia, kwa hiyo mtoto aliyedumaa msimsingizie ukoo. Mpeni dagaa na maharage.

Swali: Mume akitaka uhakika?

Jibu: Kipimo ni cha vinasaba (DNA), si sikio. Hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia mahakamani au kwa afisa ustawi wa jamii. Anzieni kwa huyo afisa, mwende wote wawili.