Baridi haiui betri, basi tena

Juzi kanijia mteja na bajaji yake ya umeme, hapa karakana Ngamiani. Hata hajashuka, simu iko usoni mwangu: Chicago, Januari 2024, theluji kila mahali, magari ya umeme yamepanga foleni kwenye vituo vya chaji. "Fundi, si unaona? Baridi inaua betri. Haya madude ni ya kutuibia."

Huyu ni wa tano tangu Ramadhani. Sasa naandika, nipumzishe koo.

Mafuta ya nazi asubuhi ya Julai huganda chupani. Yameharibika? Yaanike juani, yanarudi yalivyokuwa. Betri ya lithiamu hufanana na hayo: kimiminika cha ndani kinakuwa kizito, ioni (chembe zinazobeba chaji) zinatembea kivivu, volti zinashuka ukikanyaga mafuta (mazoea, nisameheni). Ikipata joto, nguvu zinarudi.

Kwamba gari haliendi mbali, ni kweli. Kwenye baridi kali safari inaweza kupungua kwa asilimia 20 mpaka 40. Ila lawama nyingi ni za hita. Injini ya petroli hupoteza kama theluthi mbili za mafuta yake kwa joto tupu, kwa hiyo abiria wanaota moto wa bure. Mota ya umeme haipotezi joto jingi hivyo, kwa hiyo joto la abiria linachotwa kwenye betri ileile. Gari lenye pampu ya joto, yaani kifaa kinachovuta joto la nje na kulileta ndani, lina nafuu. Na Norwei, wanakokoga theluji miezi kadhaa, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme mtupu. Wote wajinga?

Sasa panaponichoma. Watu wanachanganya kuendesha kwenye baridi na kuchaji kwenye baridi. Kuendesha hakudhuru. Kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri, tena kwa kasi, ndiyo hatari: ioni zinafika kwenye grafaiti (upande hasi wa betri, zinakoingia wakati wa kuchaji), zinakuta mlango mzito, zinaganda juu yake kama utando wa metali. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, na utando ukiota miiba unaweza kuleta shoti. Ndiyo maana kompyuta ya betri hubana chaji mpaka seli zipate joto. Ukifika kituoni na betri ya barafu, dakika za mwanzo unalipia kupasha moto, na nyuma yako foleni inarefuka. Anayejua huanza kuipasha akiwa njiani. Betri za fosfeti ya chuma (aina mojawapo ya lithiamu, LFP), kama zilizomo kwenye baadhi ya bajaji za umeme, ndizo zinazoteseka zaidi na baridi.

Ila hapa Tanga sifuri utaiona kwenye friji tu. Hata Lushoto, mnakovaa masweta, betri haina habari. Linalozizeesha zetu ni joto, hasa zikikaa zimejaa asilimia 100. Lakini nikifungua pakiti iliyochoka siwezi kukuapia kilichoichosha ni jua, chaja ya bei poa au seli mbovu tangu kiwandani. Dalili zinafanana mno. Hata ile asilimia ya kwenye kioo ni makisio ya kompyuta, na kwa fosfeti ya chuma hukisia vibaya.

Na muda wote tunabishana theluji, bajaji ya bwana huyu ilikuwa nje, saa saba mchana, juani, chaji imejaa pomoni. Nikamwambia kwanza aisogeze chini ya mwembe.