Waviking hawakuvaa pembe

Juzi, kibanda umiza kimoja cha Ngamiani hapa Tanga kilionyesha filamu ya Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya Kaskazini. Kila kichwa kina pembe kama fahali. Jirani yangu, karanga mdomoni, akasema, “Ndivyo walivyokuwa hao, kaka.”

Sivyo. Kofia yao iliyopatikana Gjermundbu, Norway, mwaka 1943, ni ya chuma, mviringo kama bakuli, na kinga ya macho mfano wa miwani. Pembe hakuna. Hebu fikiria upanga ukinasa kwenye pembe: shingo inageuka nayo!

Pembe zilivuma baada ya mwaka 1876, Carl Emil Doepler alipobuni mavazi ya opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba, za mtunzi Mjerumani Wagner kule Bayreuth, Ujerumani.

Mashua, lakini, watengenezaji wa filamu ile waliipatia: mbao zimepandana kama vigae.