Vita vya Dhofar: Waingereza hawakuwa walimu tu

Kila muhula yupo mwanafunzi anayeniletea hoja ile ile: Oman haikuwa koloni, kwa hiyo vita vya Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, vilikuwa vya Waomani wenyewe, Waingereza walikwenda kufundisha tu. Nimechoka kuisikia.

Kweli Oman haikuwa koloni. Lakini kabla ya kutazama bendera, uliza kamanda wa jeshi alikuwa nani. Kuanzia mwaka 1970 jeshi la Sultani liliongozwa na John Graham, kisha Timothy Creasey, kisha Kenneth Perkins. Wote Waingereza, na chini yao maofisa tele wa kuazimwa na wa mkataba kutoka huko huko. Julai 23, 1970, Qaboos alipompindua babake, Sultani Said bin Taimur, mjini Salalah, Waingereza walikuwa ndani ya mpango, na ndege ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ndiyo iliyomtoa mzee nchini. Haikupita miezi mingi, makomando wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, wakawa Dhofar, wakiitwa timu ya mafunzo. Jina hilo lilikuwa la kuwaficha wapiga kura wa Uingereza. Mjini Mirbat, alfajiri ya Julai 19, 1972, "wakufunzi" hao walikuwa tisa tu waasi walipovamia kwa mamia. Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, aliufyatua peke yake mzinga unaotaka watu kadhaa, akaendelea hata alipopigwa risasi usoni, mpaka akauawa. Hayo ni mafunzo?

Wengine husema ukomunisti ndio uliowasha moto. Hapana. Wadhofari walianza uasi mwaka 1965 chini ya Musallam bin Nufl, kwa kuchoshwa na utawala wa Said. Mrengo wa Kimaksi uliteka uongozi mwaka 1968, Aden, yaani Yemen Kusini iliyo jirani, ikiwa imeshapata uhuru.

Na wapenzi wa makomando watulie: SAS hawakushinda peke yao. Firqat, waasi waliojisalimisha na kugeuzia bunduki upande wa pili, ndio waliojua kila njia na kila kisima mlimani. Askari wengi wa jeshi la Sultani walikuwa Wabaluchi. Iran ilileta maelfu kuanzia 1973. Visima na zahanati navyo viliwavuta watu wa milimani upande wa Qaboos, aliyetangaza ushindi Desemba 1975.

Jamaa zetu wa Unguja waliohamia Maskati enzi hizo hunitajia 1971, mwaka Uingereza ilipotoka Ghuba, kana kwamba ilitoka na Oman pia. Lakini RAF ilikaa Salalah na kisiwani Masirah hadi 1977.