Somo la Wayahudi naanzia Uasin Gishu

Kila mwaka nikiingia kidato cha tatu huuliza: mnawajua Wayahudi? Mikono yote juu. Ninaloambiwa ni Musa, Farao, Bahari ya Shamu, halafu ghafla Hitler. Katikati hapo ni kana kwamba hakuna Myahudi aliyeoa, aliyefanya biashara wala aliyebishana na jirani.

Kwa hiyo siku hizi naanza na ramani ya kwetu Eldoret. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, kwamba Wayahudi wangeweza kupewa ardhi Afrika Mashariki; baadaye uwanda wa Uasin Gishu ndio uliotajwa. Wengi huuita "Mpango wa Uganda", jina linalopotosha: sehemu hii ilikuwa imeshakatwa kutoka Uganda mwaka 1902 na kutiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Darasa likisikia hivyo, hata wanaosinzia huinua vichwa.

Maswali huja yenyewe. Myahudi wa Urusi atafute shamba huku kwa nini? Ndipo nawaeleza Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, ambako Aprili mwaka huohuo makumi ya Wayahudi waliuawa na nyumba zao zikaporwa. Agosti, mkutano wa Wazayuni huko Basel, Uswisi, ulipiga kura: 295 wakataka tume ije kuikagua ardhi, 178 wakakataa. Waliopinga kwa ukali zaidi ni wajumbe wa Urusi yenyewe, wa Kishinev wakiwemo. Hapo nawagawa vijana makundi mawili, wabishane kama wajumbe.

Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma aliuliza, "Mwalimu, na Wanandi walipiga kura?" Hawakupiga. Hawakuulizwa hata. Kipindi chote kiliishia kwenye swali hilo, mpango wangu wa somo ukabaki mezani, nami sikujuta. Tume ilikuja, mkutano wa 1905 ukalikataa pendekezo, na kuanzia 1908 wakahamia Makaburu.

Utamaduni naupitishia kwenye maandishi. Naandika "habari" ubaoni kwa herufi za Kiarabu, jinsi tenzi za Pate na Lamu zilivyoandikwa. Kisha nawaambia kwamba Maimonides, tabibu wa Cairo wa karne ya 12, aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Na Kiyidi, lugha ya jamaa ya Kijerumani, nacho huandikwa kwa herufi hizohizo. Saba yetu kwa Kiebrania ni sheva, tisa ni tesha. Wanacheka, na hawasahau.

Wanaodhani Myahudi lazima awe Mzungu nawavusha mpaka hadi Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi Waafrika iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, bado wanasali.

Hitler namleta wiki ya tatu. Nasoma nao barua na kutazama picha za familia kabla ya vita, ndipo tufike kwenye Wayahudi milioni sita waliouawa. Maigizo ya kambi za mauaji siruhusu kamwe, hata wakiomba. Mabishano ya Basel mtoto anaweza kuyaigiza. Foleni ya kwenda kuuawa, hapana.